Viwakilishi vya kujirejelea visivyo na jinsia katika Kiingereza

Viwakilishi vya kujirejelea visivyo na jinsia katika Kiingereza ni maneno yanayotumika pale mtenda na mtendwa wanapokuwa mtu yule yule, bila kuonyesha kama mtu huyo ni mwanamume au mwanamke. Linalojadiliwa zaidi kati ya maneno hayo ni "themself", umbo la kale lililotoweka katika Kiingereza sanifu katika karne ya 16 na kuanza kuonekana tena miaka ya 1970 likiwa na maana ya mtu mmoja. Mengine ni "themselves" linapotumika kwa mtu mmoja, "oneself" kwa mtu yeyote kwa jumla, na maneno kadhaa ya kubuniwa kama "xemself" na "hirself".

Msemaji wa Kiswahili anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo, maana "yeye" ni yeye, awe baba au mama. Katika Kiingereza limegusa vitabu vya sarufi, sheria za bunge, haki ya wanawake kupiga kura na, katika miaka ya karibuni, namna ya kuwataja kwa heshima watu wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake. Linamgusa pia kila anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Maumbo na pengo lililopo

Kiingereza huunda viwakilishi hivi kwa kuunganisha kiwakilishi cha nafsi na neno "self", ambalo maana yake iko karibu na "nafsi" au "-enyewe". Nafsi ya kwanza ina "myself" na "ourselves". Nafsi ya pili ina "yourself" na "yourselves". Nafsi ya tatu ina "himself", "herself" na "itself" kwa umoja, na "themselves" kwa wingi. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba jinsia hujitokeza mahali pamoja tu, yaani nafsi ya tatu umoja. Kwingine kote Kiingereza hakijali jinsia, sawa na Kiswahili.

Tuchukue sentensi ya kawaida ya shuleni: "Kila mwanafunzi ajitayarishe kwa mtihani." Kwa Kiingereza itaanza "Every student must prepare", kisha mwandishi anakwama. Akiandika "himself" atakuwa amewaacha wasichana nje, au amewaingiza kwa kuwavika neno la wavulana. Akiandika "herself" kosa ni lile lile kwa upande wa pili. "Itself" ni la vitu na wanyama. Waingereza hulitumia wakati mwingine kwa mtoto mchanga, lakini kumwita hivyo mtu mzima ni kumtukana. "Oneself" halifai hapa kwa sababu hufuatana na kiwakilishi "one" au na kitenzi kisichotaja mtenda. "Himself or herself" ni sahihi, ila ni refu, na likirudiwa mara tatu katika aya moja msomaji huchoka. Yanabaki "themselves" na "themself".

Hapa ndipo kiini cha mjadala kilipo. Maneno "they", "them" na "their" hayana alama ya wingi inayoonekana kwa macho au kusikika kwa masikio. Ni ya wingi kwa mazoea tu. Lakini "themselves" limebeba alama hiyo waziwazi: "self" limegeuka "selves", kama "wolf" linavyogeuka "wolves". Kwa sababu hiyo mtu anaweza kusema "they" akimaanisha mtu mmoja siku nzima bila msikilizaji kugutuka. Akifika kwenye neno la kujirejelea, analazimika kuchagua hadharani kati ya umoja na wingi.

Ulinganisho na Kiswahili

Kiswahili hutumia kiambishi "-ji-" ndani ya kitenzi: ninajiona, unajiona, anajiona, tunajiona, mnajiona, wanajiona. Kiambishi hicho hakibadiliki kwa nafsi, kwa idadi wala kwa jinsia. Idadi huonyeshwa na kiambishi cha mtenda kinachotangulia. Msisitizo ukihitajika huongezwa "mwenyewe" au "wenyewe", maneno yanayofuata idadi lakini hayafuati jinsia. Kwa hiyo anayetaka kuelewa tofauti ya "themself" na "themselves" afikirie tofauti ya "mwenyewe" na "wenyewe". Ni karibu kitu kile kile.

Ikumbukwe kwamba maneno ya "-self" yana kazi mbili. Ya kwanza ni kujirejelea, kama katika "She blamed herself", yaani "Alijilaumu". Ya pili ni kusisitiza, kama katika "The president himself came", yaani "Rais mwenyewe alikuja". Katika kazi ya pili "-ji-" haihusiki kabisa, na wanafunzi wengi hukosea hapo.

Tofauti kati ya lugha hizi mbili huzaa makosa ya aina mbili. La kwanza linajulikana na kila mwalimu wa Kiingereza Afrika Mashariki: mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huandika "My mother bought himself a dress", kwa kuwa kichwani mwake kuna "yeye" mmoja tu. Kosa hilo huchekesha darasa na husahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Kosa la pili halichekeshi, nalo ni la wafasiri. Tuseme kuna taarifa ya polisi iliyoandikwa hivi: "The caller would not give a name. They had locked themselves in the office." Je, aliyepiga simu alikuwa amejifungia ofisini peke yake, au alikuwa na wenzake? Kiingereza hakisemi. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kukwepa: lazima aandike "alikuwa amejifungia" au "walikuwa wamejifungia", na kwa waokoaji wanaokwenda kuvunja mlango, mtu mmoja na watu wengi si jambo moja. Kama mwandishi wa taarifa angeandika "themself", swali lisingekuwapo. Mfasiri asiye na neno hilo mbele yake hana budi kutafuta ushahidi kwingine katika maandishi, na akikosa, aulize. Kukisia kutokana na "themselves" pekee si salama, kwa sababu leo neno hilo hutumika kwa mmoja na kwa wengi pia.

Katika safari ya kurudi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, tatizo hugeuka. "Alijilaumu" haisemi kama ni yeye wa kiume au wa kike, na programu za tafsiri za kompyuta mara nyingi huchagua "he" au "she" bila ushahidi wowote.

Historia ya umbo "themself"

Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi karibu mwaka 1100, nafsi ya tatu haikuwa na maneno ya pekee ya kujirejelea. Kiwakilishi kile kile cha mtendwa kilitumika kwa mtu mwingine na kwa mtenda mwenyewe. Ni kana kwamba Kiswahili kingekuwa na "alimuua" tu, na msikilizaji aachiwe kazi ya kutambua kama mtu aliua mwenzake au alijiua. "Self" lilikuwepo kama kivumishi cha kusisitiza, likibadilika kulingana na nomino. Liliwekwa baada ya kiwakilishi pale utata ulipohitaji kuondolewa, na kwa karne kadhaa likagandamana nacho hadi kuwa neno moja.

Gundi hiyo haikushika kwa mpango mmoja. "Myself", "yourself" na "ourselves" yameundwa kwa kiwakilishi cha kumiliki, kama mtu asemaye "nafsi yangu" na "nafsi yenu". "Himself" na "themselves" yameundwa kwa kiwakilishi cha mtendwa. Wasemaji wa lahaja nyingi za Uingereza na Marekani wamejaribu kulinganisha mambo kwa kusema "hisself" na "theirselves". Walimu huyakataa maneno hayo, ingawa kwa kweli kanuni ya watu wa lahaja ni nyoofu kuliko ya Kiingereza sanifu.

Sehemu ya kwanza ya "themself" ina asili ya kigeni. "They", "them" na "their" yalitoka katika lugha ya Waskandinavia waliovamia na kisha kuhamia kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9. Yalishuka kusini taratibu sana. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400 huko London, aliandika "they" kwa mtenda lakini bado alitumia "hem" la zamani kwa mtendwa.

Kamusi kubwa ya Oxford inaeleza kwamba "themself" lilikuwa umbo la kawaida hadi karibu mwaka 1540, na likatoweka katika Kiingereza sanifu karibu mwaka 1570. "Themselves" lilianza kuonekana karibu mwaka 1500, wakati wasemaji walipokwisha kuliona "self" kama nomino inayostahili kupewa wingi. Watetezi wa "themself" hupenda kuitaja historia hii, na wana haki, ila kuna tahadhari moja. "Themself" la enzi hizo lilihusu watu wengi. Lilikosa alama ya wingi kwa sababu "self" lilikuwa bado halijapewa wingi. Umbo ni la kale, lakini kazi linayofanya leo ni mpya.

Kielelezo cha karibu zaidi ni "yourself". "You" lilikuwa neno la wingi, na mtu mmoja aliitwa "thou" au "thee", akijirejelea kwa "thyself". Kuanzia karne ya 13 na 14 "you" likaanza kutumika kwa mtu mmoja kama ishara ya heshima, kama Wafaransa wanavyotumia "vous", na hatimaye likameza umoja wote. Kitenzi kilibaki cha wingi, "you are", hata kwa mtu mmoja. Lakini neno la kujirejelea liligawanyika mara mbili, "yourself" kwa mmoja na "yourselves" kwa wengi. Mabadiliko hayo hayakupita kimya. Mwaka 1660 George Fox, mwanzilishi wa madhehebu ya Quaker, pamoja na wenzake wawili walichapisha kitabu kizima cha kuwaonyesha wasomi, kwa mifano ya lugha nyingi, kwamba kumwambia mtu mmoja "you" ni kuvunja sarufi na ukweli. Hoja zao zinafanana sana na zile zinazotolewa leo dhidi ya "they" la mtu mmoja.

Wafalme nao walikuwa na "ourself", umbo la umoja linaloandamana na "we" la mfalme anayejitaja kwa wingi. Kwa hiyo kuunganisha kiwakilishi cha wingi na "self" la umoja si jambo geni katika Kiingereza. Limefanyika kwa nafsi ya kwanza na ya pili.

"Himself" kwa wote: sarufi na sheria

"They" kwa mtu mmoja asiyejulikana limekuwa katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Chaucer, Shakespeare na Jane Austen ni miongoni mwa waliolitumia. Wasarufi wa karne ya 18 ndio waliolipiga vita, kwa hoja kwamba nomino ya umoja haiwezi kufuatwa na kiwakilishi cha wingi. Badala yake walifundisha kwamba neno la kiume litumike kwa jinsia zote mbili. Mmoja wa wa kwanza kuiandika kanuni hiyo katika kitabu cha sarufi alikuwa mwanamke, Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, katikati ya karne hiyo. Kitabu cha Lindley Murray cha mwaka 1795, kilichosomwa katika shule nyingi za Uingereza na Marekani kwa miongo kadhaa, kiliisambaza imani hiyo mbali zaidi. Mwaka 1975 mwanaisimu Anne Bodine alionyesha kasoro ya hoja yao: "he" kwa mwanamke hukosea jinsia kama vile "they" kwa mtu mmoja linavyokosea idadi, lakini wasarufi waliliona kosa la idadi tu.

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria nyingine. Ilisema kwamba maneno ya kiume katika sheria yatahesabiwa kuwahusu wanawake pia, isipokuwa pale ilipoelezwa vingine. Nia yake ilikuwa kuokoa wino. Kifungu cha aina hiyo kiliingia baadaye katika sheria za tafsiri za nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, Kenya ikiwa mojawapo.

Kilichofuata kilionyesha jinsi neno moja linavyoweza kumfungia mtu mlango. Mwaka 1867, wakati wa mjadala wa kupanua haki ya kupiga kura, mbunge na mwanafalsafa John Stuart Mill alipendekeza neno "man" katika muswada libadilishwe kuwa "person". Alishindwa kwa kura 196 dhidi ya 73. Hata hivyo maelfu ya wanawake wa Manchester waliomba kuandikishwa, wakisema kwamba kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1850, "man" linawahusu nao. Kesi yao, iitwayo Chorlton dhidi ya Lings, iliamuliwa mwaka 1868. Miongoni mwa mawakili wao alikuwemo Richard Pankhurst, ambaye baadaye alimwoa Emmeline, mpigania haki za wanawake maarufu. Mahakama iliwakatalia: ilisema wanawake hawana sifa ya kupiga kura kisheria, na neno la kiume haliwezi kuwapa haki hiyo.

Upande wa pili wa bahari, Susan B. Anthony alipiga kura huko Rochester, jimbo la New York, tarehe 5 Novemba 1872, akakamatwa. Kabla ya kesi yake alizunguka akihutubia, na moja ya hoja zake ilihusu viwakilishi. Alisema kwamba ikiwa maneno ya kiume katika sheria yanathibitisha kuwa wanawake hawakukusudiwa kupiga kura, basi hawakukusudiwa pia kulipa kodi wala kuadhibiwa, kwa maana sheria za kodi na za jinai nazo zimeandikwa kwa maneno yale yale ya kiume. Mwaka 1873 alitozwa faini ya dola 100, ambayo hakuilipa kamwe.

Ni vigumu kuisoma historia hiyo na bado kuamini kwamba "he" na "himself" yaliwahi kuwa maneno ya watu wote. Yaliwahusu wanawake walipodaiwa kodi. Walipodai kura yakaacha kuwahusu. Baadaye sheria zilibadilika. Sheria ya tafsiri ya Uingereza ya mwaka 1978 ilieleza kwamba la kiume ni pamoja na la kike na la kike ni pamoja na la kiume, na mwezi Machi 2007 serikali ilitangaza kwamba miswada yake itaandikwa kwa lugha isiyoelemea jinsia moja.

Maneno ya kubuniwa

Wengi waliona njia rahisi ni kuunda neno jipya kabisa. Profesa Dennis Baron wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyeandika kitabu juu ya mada hii mwaka 2020, amekusanya zaidi ya maneno 200 ya namna hiyo yaliyopendekezwa kwa vipindi mbalimbali.

Lililofika mbali kuliko mengine ya kale ni "thon", lililoundwa kwa kubana "that one" na kutangazwa mwaka 1884 na Charles Crozat Converse. Huyu alikuwa mwanasheria na mtunzi wa muziki. Waumini wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kazi yake bila kujua jina lake, kwani ndiye aliyetunga tuni ya wimbo maarufu kuhusu Yesu kuwa rafiki, uliomo pia katika Tenzi za Rohoni. "Thon" liliingizwa katika kamusi kubwa ya Webster ya mwaka 1934, likaondolewa katika toleo la mwaka 1961. Mwaka 1912 Ella Flagg Young, mkuu wa shule za jiji la Chicago, aliwashangaza walimu wakuu kwa kutumia "he'er", "his'er" na "him'er". Magazeti yaliandika sana juu yake, lakini maneno hayakushika.

Katika miaka ya karibuni yamejitokeza "ze" lenye umbo la kujirejelea "hirself", "xe" lenye "xemself", na "ey" lenye "eirself". Yapo watu wanaotaka kutajwa kwa maneno hayo, na wanaowafahamu huyatumia. Kuenea kwa wasemaji wote ni jambo jingine. Lugha hupokea nomino na vitenzi vipya kila siku, lakini viwakilishi ni kundi dogo ambalo msemaji hulitumia bila kufikiri, na kundi kama hilo hukataa wageni. Ni sawa na mtu ajaribu kuongeza kiambishi kipya cha nafsi kando ya "ni-", "u-" na "a-".

Kurudi kwa "themself"

Tangu miaka ya 1970, vuguvugu la haki za wanawake lilipoanza kukataa "himself" la jumla, "themself" lilianza kuonekana tena, mara hii kwa mtu mmoja. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika kitabu chao kikubwa cha sarufi ya Kiingereza cha mwaka 2002, waliliandika kuwa ni adimu na linakubaliwa na wasemaji wachache, ila walitabiri kwamba litaongezeka kadiri "they" la umoja linavyokubalika. Kwa miaka mingi programu za kuandikia kwenye kompyuta zililipigia mstari mwekundu au kuligeuza zenyewe kuwa "themselves", na bila shaka hilo lilichelewesha kuenea kwake katika maandishi.

Mahali pasipotarajiwa ambapo neno hili lilipata makazi ni sheria ya Kanada. Sheria ya posho za askari wastaafu wa vita, kifungu cha 14, inamzungumzia mpokeaji wa posho anayeondoka Kanada, na inatumia "themself". Hapo faida yake inaonekana wazi: mpokeaji ni mmoja, anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, na sheria haitaki utata wa idadi.

Miongozo ya uandishi imefuata kwa mwendo wa tahadhari. Toleo la 17 la mwongozo wa Chicago, la mwaka 2017, linasema "themself" laweza kutumika kuonyesha umoja, kama "yourself", huku likikiri kwamba wengine watapendelea "themselves". Toleo la 7 la mwongozo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, unaojulikana vyuoni kwa kifupi cha APA, lilitoka mwaka 2019 likiidhinisha "they" la umoja na kuruhusu "themselves" au "themself". Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wanaotakiwa kufuata APA wanahusika moja kwa moja. Mwaka huo huo kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza "they" kuwa neno la mwaka, na Januari 2020 chama cha wataalamu wa lahaja za Marekani kililiita "they" la umoja neno la muongo mzima.

Sababu ya karibuni ya umaarufu huo ni watu wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake, ambao wengi wao huomba kutajwa kwa "they". Hapa matumizi ni tofauti na yale ya Chaucer au Austen. Zamani "they" lilimhusu mtu asiyejulikana, kama "yeyote" au "kila mmoja". Sasa linamhusu mtu anayejulikana kwa jina na sura. Kwa mtu wa namna hiyo "themself" lina uzito zaidi, maana kusema "Alex hurt themselves" kunaweza kumfanya msikilizaji atafute mtu wa pili ambaye hayupo. Wapo wasemaji wanaokubali matumizi ya kwanza na kuyakataa ya pili, na wanaisimu wameandika tafiti juu ya mpaka huo.

Upatanisho wa kisarufi

"They" la umoja huchukua kitenzi cha wingi: husemwa "they are", na "they is" si Kiingereza sanifu hata pale mtu ni mmoja. Nomino yenyewe hubaki na kitenzi cha umoja. Hivyo mtu huandika "Alex is tired", kisha "they are resting". Kuchanganya "they are" na "themself" katika sentensi moja huwaudhi baadhi ya wasomaji, lakini hakuna tofauti na "you are" kuandamana na "yourself", jambo ambalo hakuna anayelilalamikia.

Neno la kujirejelea, kwa kawaida, lazima lipate mtajwa wake ndani ya kishazi kile kile. Katika "The teacher said that the child hurt themself", aliyeumia ni mtoto. Haiwezi kuwa mwalimu. Kiwakilishi cha kawaida "them" katika nafasi hiyo kingemhusu mtu mwingine yeyote isipokuwa mtoto. Kiswahili kina utaratibu unaofanana: "Mwalimu alisema mtoto alijiumiza" na "Mwalimu alisema mtoto alimuumiza" hazichanganyiki.

Matumizi katika uandishi wa shuleni

Anayeandika insha ya Kiingereza kwa mtihani, na hajui msahihishaji wake ana msimamo gani, anaweza kuepuka tatizo lote kwa kuanza na wingi: "Students must prepare themselves." Ni njia ya zamani, fupi, na haimkwazi mtu. Sentensi ikilazimika kuwa ya umoja, "himself or herself" bado ni salama likitumika mara moja. "Themselves" kwa mtu mmoja linakubaliwa na wengi kuliko "themself", ingawa kwa mantiki la pili ndilo linalopatana na mtu mmoja. "Himself" peke yake kwa watu wote linaonekana leo kuwa la kizamani, na katika maandishi ya ofisi nyingi za kimataifa huhaririwa. Anayemwandikia mtu maalumu aliyeeleza anavyotaka kutajwa atumie alichoelezwa, na anayefasiri habari zake kwa Kiswahili ataandika "a-", "-ji-" na "mwenyewe" kama kwa mtu mwingine yeyote.